Shangazi, usilibomoe hilo jiko

Shikamoo Shangazi,

Nimesikia umeapa kwamba mvua zikikatika unalibomoa lile jiko la bomba la moshi kwa sababu linakujazia moshi ndani, urudi kwenye mafiga. Najua hupendi kufundishwa jiko na mtoto uliyembeba mgongoni, ila nisikilize kidogo.

Mwaka jana mwezi wa saba nilipolala kwako, niliwahi kuamka nichemshe maji. Baridi ya Njombe unaijua. Kabla ya kuwasha nikapeleka mkono pale bomba linapoanzia, nikahisi hewa ya baridi inashuka vidoleni kama mtu anapuliza. Sasa hewa ikishuka, moshi upande kwa njia ipi? Nikachoma konzi ya majani makavu palepale chini ya bomba mpaka likapata joto, ndipo nikasogeza kuni. Ukaingia, hukuona moshi, ukauliza, "Kwani bado hujawasha?"

Hiyo lakini ni dawa ya asubuhi tu. Ugonjwa wenyewe uko juu ya paa. Fundi alilikatisha bomba chini ya mgongo wa nyumba, na upepo ukivuka pale unajipinda kushuka, unaurudisha moshi kwako. Bomba lipande mpaka liupite mgongo wa paa kwa sentimita 60 hivi, bila kona. Kofia ya mvua isiugandamie mdomo wake. Fundi alibania kipande cha bati, hela yako akaichukua nzima!

Halafu kuni. Milingoti ya juzi bado ina maji. Inafuka, inapoza bomba, na masizi yananata ndani. Nililigonga lile bomba likalia kama gunia la mahindi. Zipasuliwe, zipangwe upenuni zikae miezi 6 au zaidi. Na ule mfuko wa saruji uliozibia dirisha, uutoe unapopika. Bomba haliwezi kuvuta moshi kama hewa haina pa kuingilia.

Kuhusu karai la makaa unaloingia nalo chumbani usiku, hapo sibembelezi. Makaa hayafuki, lakini yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Liache nje, nitakuletea blanketi la pili.

Nakuja mwezi wa sita na kipande cha bomba cha mita moja. Mwambie kaka aazime ngazi kwa jirani, na huyo fundi asiitwe.