Tupewe basi la Mama Ngina

Mhariri,

Tangu Mama Ngina Waterfront, bustani yetu ya ufukweni, ifunguliwe upya mwaka 2019, sisi wakazi wa Mombasa tumepata pa kupunga upepo, kula mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, na kutazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Kufika huko ndiko kazi. Matatu nyingi zinakushusha feri Likoni, na mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi anamalizia kwa miguu au tuktuk. Jumapili jioni, watu wakianza kurudi, nauli ya tuktuk hupanda papo hapo.

Naiomba serikali ya kaunti ikae na wenye magari, ipange njia moja ya basi: lianzie Mama Ngina, lipite feri, lifuate Nyerere Avenue na Digo Road, lisimame soko la Marikiti, kisha livuke daraja la Nyali hadi Kongowea. Ngazi iwe ya chini, wazee wetu wapande bila kuinuliwa. Nauli ibandikwe mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe. Na basi la mwisho lisiondoke kabla ya saa tatu usiku, maana wauza mihogo na madafu nao wanarudi makwao, wengi mbali.

Mkazi wa Kongowea,
Mombasa