Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha wenye mayelodisplazia, ugonjwa wa uboho unaovuruga utengenezaji wa damu, pamoja na ndugu zao,

Kwanza tuwakumbuke wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Familia zao bado ziko nasi, na moja imeleta sahani ya visheti leo.

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Michango ilitosha nauli za waliokwenda Dar es Salaam kupimwa uboho. Vikao vimefanyika, isipokuwa kimoja kilichoangukia msiba.

Muda uliobaki nautumia kwenye jambo lililonikosesha usingizi mwaka mzima: madini ya chuma.

Tumelelewa tukijua damu ikipungua unakula maini na mchicha, unakunywa rozela, unameza vidonge vya kuongeza damu. Kwa aliyepungukiwa chuma, ni sawa kabisa. Lakini kwa wenzetu wenye mayelodisplazia, uboho ndio unaotengeneza chembe mbovu zinazokufa kabla ya kukomaa. Chuma mara nyingi kipo tele. Kaka yangu, mvuvi wa pale Deep Sea, alimezeshwa vidonge hivyo miezi saba kwenye kituo kimoja bila mtu kumpima feritini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Ngozi ya mikono yake iligeuka rangi kama sufuria ya shaba iliyokaa bila kusuguliwa. Sisi tukasema ni jua la baharini.

Daktari wa damu aliyekuja kwenye kikao chetu alitueleza kinachotokea. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na hiyo ndiyo bawabu wa chuma. Ikiwa nyingi, hufunga mlango wa seli uitwao feropotini, na chuma cha chakula hakipiti kuingia kwenye damu. Ikipungua, mlango unabaki wazi. Uboho unaohangaika nao hutoa mjumbe wake, eritroferoni, aliyetambuliwa mwaka 2014, kwenda kuliambia ini lipunguze hepsidini. Ndiyo maana wapo wagonjwa, hasa wale ambao chembe changa nyekundu za uboho wao huonekana na pete za chuma kwenye darubini, wanaolimbikiza chuma hata kabla ya kuongezewa damu.

Halafu zinakuja chupa za damu. Kila moja ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa zaidi ya miligramu 1 au 2 kwa siku. Pigeni hesabu: chupa 20 ni gramu 4 au 5. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 hadi 4 mwili mzima! Ziada hiyo hukaa kwenye ini na moyo.

Mama mmoja aliuliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo moyoni: je, vipimo hivi vya chuma vinasema mtu ataishi muda gani? Jibu lilikuwa la kweli, nami nalirudia. Kipimo cha hatari ya ugonjwa huu kinachotumika tangu 2012 huangalia kromosomu, chembe changa kwenye uboho, wingi wa damu, chembe sahani na chembe nyeupe za kinga. Chuma hakimo. Feritini ya juu imeonekana kuambatana na maisha mafupi zaidi, ila hupanda pia kwa homa na maambukizi, kwa hiyo namba moja isimkatishe mtu tamaa. Utafiti wa mwaka 2020 kwa wagonjwa 225 ulionyesha waliopewa dawa ya kutoa chuma, diferasiroksi, walikaa takriban miaka 4 bila madhara makubwa au kifo, dhidi ya miaka 3 kwa wasiopewa. Kwangu mwaka mmoja ni mkubwa sana.

Kwa hiyo kamati imenunua madaftari. Kila mgonjwa aandike tarehe ya kila chupa na feritini yake, kisha amwonyeshe daktari. La kaka yangu nimelijaza mwenyewe kwa kukusanya vyeti vya zamani kutoka kwenye sanduku la mama: chupa 31. Aliyepoteza vyeti aje tukae naye, tutahesabu pamoja. Madaftari yako kwa katibu, Ngamiani, kila Jumamosi baada ya alasiri.