Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Suala la Kocha na Yale Yasiyo ya Kocha

Ndugu wanachama, wazee wetu waasisi na viongozi wa matawi, habari za jioni.

Nianze na kinachouma. Timu imemaliza mwaka ikiwa mkiani, na tangu mzunguko wa pili uanze hakuna kikao cha chama hiki cha mashabiki kilichofungwa bila jina la kocha kutajwa. Matawi yetu ya hapa Mwanza yamegawanyika. Mabatini wanataka kocha mzawa. Igoma wanataka mgeni. Kirumba wanasema aliyepo aachwe amalize mkataba wake, na ukishuka soko la Mwaloni kwenye meza za dagaa, kila mwenye meza ana kocha wake. Kamati ya utendaji iliona ni bure kuzuia mjadala huo. Tukaugeuza kuwa kazi, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni matokeo ya kazi hiyo.

Tulivyohesabu

Kabla ya kuuliza nani afundishe, tulitaka kujua mabao tunayofungwa yanatoka wapi. Kila mechi ya nyumbani tuliweka watu watatu jukwaani, usawa wa mstari wa kati, safu za juu kidogo ili waone upana wa uwanja. Wa kwanza aliandika kila mpira tuliopoteza kwenye theluthi yetu, nani kaupoteza na alikuwa amebanwa na wangapi. Wa pili alishughulika na mipira iliyokufa tu: kona, faulo za karibu na boksi, mipira mirefu ya kurusha. Wa tatu, kila baada ya dakika 15, alihesabu wachezaji wetu waliowahi kurudi nyuma ya mpira baada ya kupokonywa.

Vifaa ni daftari la mistari, kalamu mbili na saa ya mkononi. Simu tuliipiga marufuku kwenye kazi hii, kwa sababu mwenye simu baada ya dakika kumi anapiga picha. Kosa lililojirudia mwanzoni ni kwamba bao likiingia, mhesabuji anashika kichwa kama mashabiki wengine na kusahau lilianzia wapi. Sasa utaratibu ni kuandika pasi tatu za nyuma kabla mpira haujarudishwa kati. Daftari lisilo na pasi hizo tatu halipokelewi.

Kilichojitokeza wazi kuliko vyote ni kona. Tukipigiwa kona, kipa anasimama katikati ya mstari wa goli, mabeki wote wanakaba mtu na mtu, na nguzo ya karibu haina mlinzi. Mpigaji wao akiushusha mpira hatua chache mbele ya nguzo hiyo, anayegusa kwanza ni mtu wao. Hata tukiuondoa kwa kichwa, unadondokea kwenye nusu duara ya juu ya boksi, na pale huoni jezi yetu hata moja, maana kiungo mkabaji kavutwa ndani kumshika beki wao mrefu. Mpira wa pili ni wao, shuti ni lao.

Hilo ni la kocha moja kwa moja, na halihitaji hela. Mmoja nguzo ya karibu. Watatu kwenye mstari wa boksi dogo, mita 5.5 kutoka golini, wanalinda eneo na hawamfuati mtu. Wanne wanakaba watu wanaojulikana kwa vichwa. Mmoja kwenye nusu duara, na mmoja juu ili wapinzani walazimike kubakiza mabeki wawili nyuma. Ukimjumlisha kipa, hao ni kumi na mmoja. Vipindi vinne vya dakika 20 ndani ya wiki mbili vinatosha kuanza kuona tofauti, ilimradi wapigaji wa mazoezini wapige kwa nguvu ya mechi. Kosa la mazoezi mengi ni kona za kubembeleza.

La pili ni pumzi. Baada ya dakika ya 70 timu inakatika vipande viwili: washambuliaji wanabaki juu, mabeki wanarudi nyuma, na katikati panabaki uwanja mtupu. Hapa lawama inagawanyika. Pumzi hujengwa kwenye maandalizi ya kabla ya msimu, wiki sita hivi, na kambi yetu ilichelewa. Kocha mpya akiingia katikati ya msimu hawezi kuzirudisha wiki hizo. Mechi zikibanana, akiwakimbiza sana mazoezini atachana nyama za paja za wachezaji watatu na lawama zitaanza upya kwa jina jingine. Tuongeze viwanja. Mchezaji anayefanya mazoezi kwenye kapeti, yaani nyasi bandia, la uwanja wa Nyamagana, mpira unateleza na kumfikia, akiingia kwenye nyasi za CCM Kirumba wakati wa masika mpira unakwama njiani, na pasi ileile inamfanya aonekane hajui. Kocha anaweza kuomba siku mbili za mwisho kabla ya mechi zifanyike kwenye nyasi. Kupewa ni jambo jingine.

La tatu ni mshambuliaji wa kati. Hatuna. Hilo ni la dirisha la usajili na la wenye sahihi kwenye hundi. La nne ni mishahara inayochelewa, na sidhani kama kuna mbinu ya ubaoni inayotibu hilo.

Mifano ya barafuni

Mwanachama mmoja mwenye ndugu Kanada aliutikisa mjadala kwa mifano ya mpira wa magongo wa barafuni, ligi ya NHL, na iliwakamata watu, kwa hiyo nayo tuliichambua. Hoja yake ilikuwa timu ya St. Louis Blues. Novemba 2018 walimtimua kocha Mike Yeo, wakampa timu msaidizi wake Craig Berube. Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima. Juni mwaka huohuo wakabeba Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, la kwanza katika historia ya klabu hiyo. Kwa hiyo, akasema, fukuza kocha.

Mfano ni wa kweli, ila umekatwa mkia. Januari 7 timu hiyo ilimwanzisha kwa mara ya kwanza kipa chipukizi, Jordan Binnington, akashinda 3-0 dhidi ya Philadelphia na kuanzia hapo akawa kipa wao namba moja. Ni kocha au ni kipa? Jibu la haki ni vyote viwili. Tena kocha mwenyewe alitoka ndani, anawajua wachezaji, hakuhitaji miezi ya kujifunza majina.

Upande wa pili wa sarafu ni Buffalo Sabres, wa ligi hiyohiyo. Kuanzia msimu wa 2011/12 hadi 2024/25, misimu 14 mfululizo, hawakuingia hatua ya mtoano. Katika kipindi hicho wamefundishwa na watu saba tofauti, na mwaka 2024 wakamrudisha Lindy Ruff, yuleyule waliyemtimua mwaka 2013. Nilipoisoma orodha hiyo kikaoni, Igoma walicheka kwanza, kisha wakanyamaza.

Na hapa kwetu tusisahau. Mbao FC, chini ya Etienne Ndayiragije kutoka Burundi, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017 pale Jamhuri, Dodoma, Simba wakawafunga 2-1 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2018 kocha huyo akaenda klabu ya KMC ya Dar es Salaam. Mwaka 2020 Mbao wakashuka daraja. Siwezi kusema walishuka kwa sababu yake tu, lakini Mwanza tuna kawaida ya kumwona mwalimu mzuri pale anapokuwa kashapanda ndege.

Mzawa au mgeni

Swali hili lilichukua muda mwingi kuliko lilivyostahili. Kanuni haiangalii kabila wala pasi ya kusafiria. Inaangalia leseni. Ngazi za CAF, shirikisho la soka Afrika, ni D, C, B, A na Pro, na kila ligi ina ngazi yake ya chini kwa kocha mkuu. Anayeletwa bila leseni hiyo ataishia kukaa jukwaani huku msaidizi akisimama mstarini, na maelekezo yanayopitia simu za watu watatu yanafika mpira ushatoka nje. Cheti kiombwe kabla ya mazungumzo ya mshahara.

Mgeni anaongeza kibali cha kazi, kibali cha ukaazi, nyumba na tiketi. Pia anaongeza hatari ambayo mashabiki wengi hawaihesabu. Kocha wa kigeni akivunjiwa mkataba bila sababu ya msingi, anapeleka madai FIFA. Kimsingi anaweza kulipwa kipande chote cha mkataba kilichobaki, kikipunguzwa na atakachopata kwenye kazi mpya ndani ya muda huo. Klabu ikiamriwa kulipa na isilipe ndani ya siku 45, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Mshahara nao usipolipwa miezi miwili, kocha akatoa notisi ya maandishi ya siku 15 na bado kimya, anaweza kuondoka mwenyewe na kudai fidia. Mtu anayepiga kelele jukwaani “aondoke leo” aulize kwanza mkataba umebakiza miezi mingapi.

Wako waliopendekeza jambo hili lipelekwe kwenye kamati ya ufundi. Nieleweke: kamati ninayoikubali ni ile inayokaa mchana na kuandika kumbukumbu. Ile ya usiku, ya waganga, haina fungu katika bajeti ya chama.

Tunachoomba mkipitishe

Kamati haipendekezi jina. Inapendekeza tuwaandikie uongozi wa klabu kwamba kocha aliyepo apewe mechi tano akiwa na mambo mawili ya kupimwa, ulinzi wa kona na idadi ya wanaorudi nyuma ya mpira baada ya dakika ya 70, na madaftari yetu yawe wazi kwao. Asipopata nafuu katika la kwanza, aondoke, kwa sababu lile liko mikononi mwake. La pili lisimwondoe peke yake.

Akiondoka, ifanyike wakati ligi imesimama, si siku tatu kabla ya mechi ya ugenini. Mrithi apate angalau siku 10 za mazoezi. Kocha wa makipa na wa viungo wabaki, maana ndio wanaojua nani ana goti bovu. Mkataba mpya uwe na kipengele cha kuachana kinachotaja kiasi cha fidia kwa tarakimu. Na mkishabadilisha mara moja, msibadilishe tena msimu huohuo. Mjumbe mmoja wa kamati alipinga sharti hilo la mwisho na maoni yake yameandikwa kwenye kumbukumbu. Mimi nilikuwa upande wa walio wengi.

Mengineyo

Safari za upande wa Geita na Kagera zimekuwa nyepesi tangu Daraja la JPM, Kigongo–Busisi, lifunguliwe Juni 2025. Hatupangi tena kuondoka kwa kuhofia foleni ya kivuko. Nauli zikusanywe siku tatu kabla, si mlangoni mwa basi.

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Matawi mawili hayajarudisha vitabu vya risiti, na yanajijua. Vifike kwa katibu kabla ya chai. Wahesabuji wapya watatu wanahitajika kwa msimu ujao. Sharti ni kuwahi uwanjani nusu saa kabla ya mechi na kuandika herufi zinazosomeka. Wenye nia wabaki mbele hapa tukimaliza kura.