Posho ya muuguzi isisubiri makusanyo ya kituo

Ndugu Mhariri,

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, risala ni ileile: malimbikizo, kupandishwa madaraja, posho. Mgeni rasmi naye hujibu kwamba serikali ni sikivu na suala linafanyiwa kazi. Mimi si muuguzi. Nina duka la rejareja jirani na kituo cha afya katika kimojawapo cha visiwa vya mkoa wetu wa Mwanza, na haya ninayoyaandika nimeyaona kwenye daftari la madeni.

Tuwe wakweli, mshahara unaingia. Tarehe ikishavuka ishirini na kitu manesi wanakuja, tunafuta mistari, wanaanza kukopa upya. Mei Mosi ya 2025 pale Singida Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, sawa na asilimia 35.1. Huku kijiweni wengi waliamini kila mtumishi kaongezewa kiasi hicho, na bei ya chumba cha kupanga ikapanda siku chache baadaye! Asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini. Na kabla mshahara haujafika mkononi umeshapita kwenye kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na bima, na kwa aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo zinaondoka asilimia 15 za mshahara wa msingi.

Lakini hoja yangu hasa ni posho ya kuitwa kazini na ya masaa ya ziada.

Kituo kikiwa na wauguzi wachache, zamu ya usiku haina mpokezano. Aliyeshinda wodini ndiye huyohuyo anayegongewa mlango saa nane usiku kwamba kuna mama kaletwa na boti kutoka kambi ya wavuvi, uchungu umeanza tangu jana. Mara kadhaa nimeamshwa na mimi, kwa sababu nesi anataka vocha ampigie mwenye boti: kesi imemshinda, mgonjwa apelekwe hospitali ya wilaya. Vocha inaandikwa kwenye daftari langu, kwa jina lake yeye. Anapanda boti na mgonjwa, dripu ameinyanyua kwa mkono mmoja, na mkono mwingine kashika ubao wasije wakamwagika wote. Akishamkabidhi mgonjwa, kurudi ni kwa nauli yake, na asubuhi kliniki ya watoto inamsubiri. Wenzetu wa upande wa Sengerema wamepata Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, tunawapongeza. Sisi bado tunaangalia upepo.

Posho ya kazi hiyo inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inategemea makusanyo: fedha anazolipa mgonjwa dirishani, madai ya bima, na mapato ya ndani ya halmashauri. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwa Sera ya Afya ya 2007, mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiye na uwezo wanatibiwa bila malipo. Siipingi sera hiyo hata kidogo, imeokoa wake zetu. Ila angalia nani anajaza benchi la kituo cha kisiwani: ni haohao. Muuguzi akizalisha usiku kucha, dirishani haijaingia shilingi. Mwenzake wa hospitali kubwa ya mjini, yenye wagonjwa wa bima na wa fedha taslimu, walau ana mahali pa kudai. Kwa maneno mengine tumemfanya muuguzi mvuvi: kituo kikivua, anakula, mwezi ukiwaka na dagaa wasipatikane, analala na madai yake.

Matokeo yake nayaona kaunta. Posho ikikaa miezi bila kutoka, wanaingia kwenye mikopo ya kausha damu. Anayepata upenyo wa kuhamia mjini anahama, na aliyebaki anabeba zamu mbili. Na hawa vijana wanaojitolea, waliomaliza chuo wakisubiri ajira, wanafanya kazi ileile kwa kifuta jasho ambacho nacho kinatoka kwenye kapu hilohilo.

Najua wasomaji watasema manesi wana kauli mbaya, na wengine wanataka chochote kitu kabla ya kukuhudumia. Wapo, na wachukuliwe hatua bila huruma. Lakini yule aliyenyanyua dripu kwenye boti hana kosa lao, tena yeye ndiye anayedai.

Sheria haina utata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawagusa pia watumishi wa umma. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za usiku zina nyongeza ya asilimia 5. Haijasema popote kwamba haki hiyo itangoja kituo kikusanye kwanza.

Ombi langu kwa Tamisemi na Hazina ni kwamba posho ya kuitwa kazini ya wauguzi wa zahanati na vituo vya afya iondolewe kwenye kapu la kituo, ilipwe pamoja na mshahara kutoka Hazina. Makusanyo yabaki kununua dawa, glovu na mafuta ya boti. Gharama itaongezeka, sikatai, na wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa waseme hivyo bungeni wakati wa bajeti badala ya kusubiri risala ya Mei.

Na wakati tunangoja, kamati za usimamizi wa vituo, ambazo zina wajumbe kutoka kwetu wananchi, zibandike kila robo mwaka kwenye ubao wa matangazo: kituo kimekusanya kiasi gani, posho imelipwa kiasi gani, na wauguzi wanadai kiasi gani. Kwetu ubao upo. Mara ya mwisho nilipoutazama ulikuwa na tangazo la mnada wa ng'ombe.

Mwenye duka,
Visiwani, Mwanza