Vitabu vya Wajaini vinastahili kutajwa kwa majina yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua ili nisahihishe jambo lililopita katika makala yako kuhusu vitabu vitakatifu vya dini za dunia. Mwandishi alizipa dini nyingine maelezo na nukuu za kutosha, lakini Ujaini wa India aliumaliza kwa sentensi mbili: kwamba ni tawi lililochipuka kutoka katika dini ya Kibudha, na kwamba wafuasi wake hawana maandiko ila desturi ya kutoua wadudu. Sentensi zote mbili si sahihi, na kwa kuwa nimevisoma vitabu hivyo katika tafsiri kwa miaka mingi, nimeona si haki kunyamaza.

Nianze na hilo la tawi. Dhana hiyo ilienea miongoni mwa wataalamu wa Ulaya katika karne ya 19, kwa sababu Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini, na Buddha walihubiri katika eneo moja la bonde la mto Ganges, karibu wakati mmoja, na wote wawili waliacha nyumba zao wakaingia utawa. Aliyeivunja kwa hoja ni Mjerumani Hermann Jacobi, katika utangulizi wa tafsiri yake ya Acharanga Sutra na Kalpa Sutra iliyotoka mwaka 1884. Ushahidi mmojawapo ulikuwa ndani ya vitabu vya Wabudha wenyewe: maandiko yao ya Kipali yanamtaja Mahavira kwa jina la Nigantha Nataputta, na yanamtaja kuwa kiongozi wa jumuiya nyingine yenye mafundisho yake, wala si mwanafunzi aliyemwasi Buddha.

Zaidi ya hayo, vitabu vya Wajaini vinakumbuka wakati uliomtangulia Mahavira, kwani yeye kwao ni Tirthankara, yaani mwalimu mkuu aonyeshaye njia ya ukombozi, wa 24, naye Parshva ni wa 23. Katika sura ya 23 ya Uttaradhyayana Sutra, Keshi, mtawa wa njia ya Parshva, anakutana katika mji wa Shravasti na Gautama, mwanafunzi mkuu wa Mahavira. Keshi anauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: ikiwa walimu wetu wawili wanaelekea mwisho mmoja, kwa nini Parshva aliweka nadhiri nne na Mahavira akaweka tano, na kwa nini mmoja aliruhusu mavazi na mwingine akayakataza? Gautama anajibu kwamba watu wa zama hutofautiana, na sheria huwekwa kwa kuangalia uwezo wao wa kuielewa na kuishika. Andiko takatifu linalokubali kuandika swali gumu kama hilo dhidi ya dini yake lenyewe, na kulijibu kwa upole bila kumfedhehesha aliyeuliza, linanigusa kila ninaporudi kulisoma.

Sasa nije kwenye madai kwamba hawana maandiko. Ni kweli kwamba Wajaini hawana kitabu kimoja kinachofungwa kwa jalada moja. Walicho nacho ni maktaba, na maktaba yenyewe ina mgawanyiko ambao mwandishi yeyote anapaswa kuueleza. Wajaini wa madhehebu ya Shvetambara, yaani wale ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, wanazishika Agama, yaani vitabu vyao vitakatifu, zilizotungwa kwa lugha ya Kiardhamagadhi, mojawapo ya lugha za Kiprakriti. Wale miongoni mwao wanaoabudu mbele ya sanamu huhesabu vitabu 45, na wale wasiotumia sanamu huhesabu 32. Kundi la kwanza na lenye heshima kubwa zaidi ni Anga, ambazo zilikuwa 12 na sasa zimebaki 11.

Hiyo ya 12, Drishtivada, ilipotea, na pamoja nayo zikapotea Purva 14, mafundisho ambayo Wajaini huyahesabu kuwa ya kale kuliko yote. Upotevu huu haufichwi. Mapokeo yao yanasimulia kwamba njaa ya miaka 12 iliikumba nchi ya Magadha, watawa wakatawanyika na wengi wakafa, na kila aliyekufa aliondoka na alichokihifadhi kichwani. Mtawa Bhadrabahu alikuwa wa mwisho kuzijua Purva zote. Mtawa mwenzake Sthulabhadra alikwenda kujifunza kwake, lakini siku moja alijigamba kwa kujigeuza simba mbele ya dada zake, na mwalimu wake akakataa kuendelea. Hatimaye alimfundisha Purva nne za mwisho kwa sharti kwamba asizirithishe kwa mtu mwingine. Sijui jumuiya nyingi zinazosimulia habari ya kupotea kwa elimu yao tukufu na kuitaja sababu kuwa ni majivuno ya mtu wao wenyewe.

Msomaji atauliza kwa nini hawakuandika mapema. Mtawa wa Kijaini ameapa kutomiliki chochote, na kitabu ni mali; kwa muda mrefu, basi, kukariri kulionekana kuwa njia safi zaidi. Ilikuwa katika karne ya 5 Baada ya Kristo, karibu miaka 1,000 baada ya Mahavira, ndipo baraza la watawa lililokutana Valabhi, Gujarat, likiongozwa na Devardhigani, lilipoyaweka maandiko hayo katika maandishi. Tangu hapo jumuiya iliyokuwa ikiogopa kumiliki vitabu iligeuka kuwa mlinzi hodari wa vitabu, na hazina za miswada za Patan na za ngome ya Jaisalmer zimehifadhi si vitabu vya Wajaini tu, bali pia vya Wabudha na vya Wahindu. Siku ya tano ya mwaka mpya wa Gujarat, Washvetambara huwa na sikukuu ya elimu, ambapo vitabu hutolewa, hufutwa vumbi na kupewa heshima.

Madhehebu ya pili, Digambara, ambao watawa wao wa kiume hawavai nguo kabisa, wanasema kwamba Agama za asili zilipotea zote, na hivyo hawazikubali zile za Valabhi. Wao wanashika Shatkhandagama, iliyotungwa na Pushpadanta na Bhutabali kutokana na mafundisho ya Dharasena, mtawa mzee aliyeogopa kufa na elimu aliyokuwa nayo. Virasena aliiandikia ufafanuzi mkubwa uitwao Dhavala, alioumaliza katika karne ya 9. Nimelitaja jina hili kwa makusudi, kwa sababu historia yake inasikitisha na kufariji kwa pamoja. Miswada ya majani ya mtende ilihifadhiwa Mudabidri, Karnataka, ambako kwa karne nyingi mahujaji waliruhusiwa kuitazama na kuisujudia, lakini hapakuwa na wa kuisoma. Kunakiliwa kwake kulianza mwishoni mwa karne ya 19, na kuanzia mwaka 1939 msomi Hiralal Jain akausimamia uchapaji wake katika majuzuu 16. Ndipo watu wakagundua kwamba ndani ya ufafanuzi huo wa dini mlikuwamo hisabati, ikiwemo hesabu ya mara ngapi namba inaweza kugawanywa kwa mbili, ambayo ni ile ile wanafunzi wa leo wanayoiita logi ya kizio cha mbili.

Kati ya madhehebu haya mawili kipo kitabu ambacho wote wanakikubali, nacho ni Tattvartha Sutra ya Umasvati, iliyoandikwa kwa Kisanskriti katika sura 10 na kauli fupi zinazokaribia 350. Kauli yake ya kwanza inasema kwamba imani sahihi, maarifa sahihi na mwenendo sahihi, kwa pamoja, ndiyo njia ya ukombozi. Katika sura ya tano imo kauli ambayo Wajaini wameifanya kaulimbiu yao, kwamba kazi ya viumbe hai ni kusaidiana. Humo ndimo mtu ataelewa pia kwamba karma kwa Wajaini ni chembe halisi zinazoingia na kuishikilia nafsi kutokana na matendo na tamaa zake, jambo linaloitofautisha dini hii na dini nyingine za India zinazotumia neno hilo hilo.

Na kuhusu wadudu: sehemu ya kwanza ya Acharanga Sutra, ambayo ni miongoni mwa maandiko yao ya kale kabisa, haiishii kwa wadudu. Inafundisha kwamba ardhi, maji, moto, hewa na mimea navyo vina uhai, na kwamba kila kiumbe huchukia maumivu kama unavyoyachukia wewe. Kisha inamwonyesha Mahavira mwenyewe akitangatanga katika nchi ya Ladha, ambako wenyeji walimpiga na kuchochea mbwa wamuume, naye hakuinua mkono. Kuyaita mafundisho haya desturi ya kutoua wadudu ni kuyapunguza mno.

Jambo la mwisho ambalo makala yako ililiacha ni mchango wa Wajaini katika falsafa ya India kwa jumla. Fundisho lao la anekanta linasema kwamba kila kitu kina pande nyingi, kwa hiyo kila kauli ni ya kweli kwa upande fulani tu: chungu kipo kwa udongo wake, mahali pake na wakati wake, na hakipo kwa udongo, mahali na wakati wa kingine. Shankara, mwanafalsafa mkubwa wa Vedanta, mojawapo ya falsafa za Kihindu, aliwashambulia kwa hoja kwamba kitu hakiwezi kuwapo na kutokuwapo kwa pamoja. Wajaini wakajibu kwamba hawakusema hivyo kwa upande mmoja na ule ule. Haribhadra, katika karne ya 8, aliandika Shaddarshanasamuccaya, ambamo kwa beti zisizofika mia alieleza falsafa za Wabudha, Nyaya, Samkhya, Wajaini, Vaisheshika na Mimamsa, akaongeza hata ya Charvaka waliokana maisha ya baada ya kufa, na hakuidhihaki hata moja. Ubeti unaonasibishwa naye unasema kwamba hana upendeleo kwa Mahavira wala chuki kwa Kapila, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Samkhya, na wenzake, bali atamfuata yule ambaye maneno yake yana hoja.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mambo mawili. La kwanza ni sahihisho katika ukurasa ule ule uliobeba makala. La pili ni kwamba, utakapoendelea na mfululizo huu, umtafute mtu anayesoma Kisanskriti au Kiprakriti akutafsirie walau sura ya kwanza ya Tattvartha Sutra na ile sura ya Keshi na Gautama, uzichape kwa Kiswahili zikiwa na majina ya vitabu vyake.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa dini