Barua kwa Mhariri: Yule kijana wa mkarafuuni hana shetani

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba kijinafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nikizidisha maneno nikate tu, mana mie kuandika sijazoea, nimezoea kusema.

Wiki ilopita mmetoa habari ya kijana wa huku kwetu Pemba alieanguka kutoka juu ya mkarafuu. Alhamdulillahi kanusurika, kavunjika mkono tu. Lakini mle ndani mkatia "kwa mujibu wa majirani" kwamba kijana ana shetani wa mitini na huwa anamwangusha kila mara, na hapo hapo habari ikaisha. Kuanguka hivo kila mara kwaweza kuwa kifafa, maradhi ya ubongo. Majirani mliwapata wanne, dakta hata mmoja hamkumpata?

Mie nna mpwa wangu, sasa hivi yuko miaka 16. Alipokuwa na 11, msimu wa karafuu, tulikaa barazani baada ya isha tunachambua karafuu kuzitoa kwenye makonyo (vijiti vyake), bibi yake, mama yake, mie na watoto, taa ya sola katikati na kila mtu na fungu lake mbele. Mara nkamuona kanyamaza kimya. Macho kayakodoa ukutani, mdomo unatafuna na hana kitu mdomoni, na vidole vinachambua kama kawaida, vinakonyoa na kutupa, vinakonyoa na kutupa, ila karafuu hamna, anachambua hewa. Namwita haitiki. Kama dakika moja hivi akarudi, akatuuliza kwani vipi mbona mnanitazama. Bibi yake akasema huyu kashachukuliwa. Kumbe skuli nako mwalimu alikuwa anamtandika kwa kuzubaa na sisi nyumbani tukiona sawa tu, mtoto mzubavu apigwe.

Miezi mitatu baadae kikaja kile kikubwa. Kaanguka jikoni, kakakamaa, povu, kutikisika, na mie kwa ujinga wangu nkamtia kijiko mdomoni nkamvunja jino. (Msifanye. Mtu alazwe ubavu, aondoshewe vitu vya kumuumiza, na kikipita dakika tano mbio hospitali.)

Dakta alotupokea alikuwa kijana mdogo, akachukua karatasi akatuchorea, na mpaka leo ile karatasi ninayo. Alisema ubongo una seli za neva kama bilioni 86, na hazikuungana kama waya za umeme. Baina ya seli na seli mna kijiupenyo, chukua milimita moja uigawe mara 50,000, ndo upana wake. Pahala hapo panaitwa sinapsi, jina lilianza kutumika mwaka 1897 kwa Muingereza mmoja Charles Sherrington. Ishara inakuja kwa umeme mpaka ukingoni, lakini kuvuka haivuki hivo hivo, inabidi seli imwage kemikali kutoka kwenye vifuko vidogo vidogo, kemikali ivuke ng'ambo, ipokelewe, ndo safari iendelee kwa umeme tena. Sie watu wa Pemba hili halitutatizi, mzigo kutoka Unguja unafika gatini kwa gari, baharini gari haiendi, unapakiwa chomboni, ukifika bandari ya Mkoani huku kwetu unashushwa unapandishwa gari nyengine.

Na aliethibitisha kama ni kemikali, Otto Loewi, mwaka 1921, alichukua mioyo miwili ya vyura. Wa kwanza akaugusa neva yake kwa umeme ukapunguza mapigo, kisha yale maji ulokuwemo akayahamishia kwenye moyo wa pili ambao hakuugusa kabisa, na wenyewe ukapunguza mapigo. Na jaribio lenyewe aliliota usingizini! Angekuwa jirani yetu tungesema kaoteshwa na mizimu. Wenzetu 1936 wakampa tuzo ya Nobel.

Sasa kifafa kinaingia hapa. Kuna kemikali inayosema "twende", glutamati, na kuna inayosema "tulia", inaitwa gaba. Saa zote mbili hizi zinavutana na ndo tunakwenda sawa. Ikizidi twende au ikipungua tulia, kundi zima la seli linapiga kwa mpigo mmoja, kama watu wote sokoni waseme neno moja kwa wakati mmoja. Likipiga upande mmoja tu wa ubongo, unamuona mtu anachambua hewa. Likienea kote anaanguka. Mkarafuu haukumfanya kitu, angekuwa kwenye mtumbwi angezama, angekuwa jikoni angeungua, na wanaungua kweli.

Nna hoja moja nawaambia majirani zangu na hawana jibu. Pepopunda. Jina lake lenyewe lina pepo ndani, wazee waliona kitoto kichanga kinakaza taya, kinakunjika kama upinde, wakasema pepo huyo. Leo tunajua ni sumu ya bakteria anaeingia kwenye kidonda au kitovu kilokatwa kwa wembe mchafu, sumu inapanda na neva mpaka uti wa mgongo, ikifika inakata protini inayosaidia vifuko kumwaga kemikali, na inavikamata khasa vile vya "tulia". Breki zimekatwa, misuli yote inakaza. Yaani ni sinapsi hizo hizo. Mama mjamzito akenda kliniki anadungwa sindano, na sijasikia mtu akasema sindano inafukuza pepo. Basi kwanini kifafa kimebakishwa kwa mashetani?

Na sinapsi hatuzaliwi nazo zote zikakaa hivo hivo. Daktari Peter Huttenlocher wa Chicago alihesabu kwenye bongo za maiti, akachapisha 1979, akakuta sehemu ya mbele ya ubongo ya mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili imesongamana sinapsi kama nusu zaidi kuliko ya mtu mzima. Halafu zinachambuliwa, zinazotumika zinabaki, nyengine zinaliwa na seli za usafi za humo humo kichwani, na kazi hiyo inakwenda mpaka ujanani. Nlipolisoma hili nkacheka peke yangu, mana ndo sisi na makonyo barazani. Wanasayansi wanaona baadhi ya maradhi yanaanzia kwenye uchambuaji huo. Mwaka 2014 watu wa Chuo Kikuu cha Columbia walionesha bongo za vijana wenye usonji (otizimu) zina vichipukizi vya sinapsi vingi kuliko za wenzao, kama hazikuchambuliwa vya kutosha. Mwaka 2016 wengine wa Marekani wakaihusisha skizofrenia, maradhi ya akili ya kusikia na kuona visivyokuwepo, na jini... samahani, na JENI, yaani chembe ya urithi, inaitwa C4, inayoweza kusababisha uchambuaji upite kiasi. Na skizofrenia kweli huwaanza watu wakiwa vijana. Si kwamba ndo sababu pekee, ila jini wa kijana alierudi skuli anaongea peke yake, mie sasa hivi simsadiki tena.

Nirudi kwa mpwa wangu. Kaanzishiwa fenobabitoni, dawa ya zamani, inatumika kwa kifafa tangu 1912, tena rahisi. Kazi yake ni kuuacha mlango wa gaba ukae wazi muda mrefu zaidi, yaani inaisaidia breki. Haikarabati kitu, inashikilia. Hilo ndo hatukulifahamu. Miezi minane hakuanguka, tukasema kapona, na kituo cha karibu vidonge vilikuwa havipo wiki ya pili ile, basi tukaacha siku moja, kata. Mie ndo nlosema aache, sio bibi yake. Ubongo ushazoea kusaidiwa breki unaunyang'anya ghafla! Usiku wa nne kilikuja kimoja, kabla hajazindukana kikaja chengine, tukakodi gari saa nane usiku na mama yake kamshika kichwa njia nzima. Dakta hakutugombeza, alisema tu kwamba dawa hii hata ikifika wakati wa kuacha inapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, na anaesema ni yeye.

Bibi yake anamwandikia kombe (aya zinazoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa akanywa) kila Ijumaa na sina ugomvi nalo, zafarani na maji ya waridi hayajamdhuru. Kilichomdhuru ni kukosa vidonge.

Kwahiyo Mhariri, mwandishi wako akipata habari nyengine ya mtu kuanguka, apige simu hospitali moja tu kabla hajaandika shetani. Na vidonge vikikosekana vituoni, hiyo nayo ni habari, tuandikieni.

Mpwa wangu mkarafuuni hapandi. Msimu huu anakaa chini na daftari, anapima pishi za wachumaji na kuandika majina, na hesabu zake hazijakosewa hata siku moja. Saa mbili usiku bibi yake anamwita, "Umemeza?"

Mjomba mtu,
Mtambile, Pemba