Vichekesho vya Miaka ya 1950 na Deki Inayokataa Diski

Wengi wanaofika dukani kwetu hapa Kisumu wakitafuta filamu za zamani hawaulizii za vita wala za machozi. Huulizia vichekesho vya miaka ya 1950. Hawavutwi na kumbukumbu za utotoni, kwa kuwa baadhi yao walizaliwa miongo mitatu baadaye, bali na utani usiohitaji mkalimani. Katika Les Vacances de Monsieur Hulot ya mwaka 1953, Jacques Tati, mwigizaji na mwongozaji wa Ufaransa, hasemi karibu neno lolote, na mlango wa chumba cha kulia hotelini, unaolia mlio uleule kila mhudumu anapopita, unachekesha kuliko maneno mengi. Chalti Ka Naam Gaadi, filamu ya Kihindi ya mwaka 1958, inatugusa sisi mafundi karibu zaidi: Ashok, Anoop na Kishore Kumar, waliokuwa ndugu wa damu hata nje ya filamu, wanaendesha gereji; Madhubala analeta gari bovu usiku wa mvua, anaondoka bila kulipa, na Kishore anamfuata kudai rupia 5 na anna 12 (anna 16 zilikuwa rupia moja). Fundi yeyote aliyewahi kukimbiwa na mteja atacheka, ingawa pengine kwa uchungu kidogo.

Mkusanyaji, hata hivyo, hutaka pia kujua ameshika toleo gani, maana Tati aliihariri upya filamu yake mwaka 1978 na kuiongezea tukio linalotania Jaws, ile filamu ya samaki papa. Kwa hiyo huagiza diski kutoka ng'ambo, na hapo ndipo matatizo huanza.

DVD ya Marekani kwa kawaida hubeba namba ya eneo (inayoonyesha sehemu ya dunia inakokusudiwa kuchezwa) 1 na ya Uingereza namba 2, ilhali Kenya imo katika eneo la 5. Deki husoma namba hiyo kwanza, na isipolingana nayo hugoma. Mwenye diski hudhani ni chafu, huisugua kwa kitambaa akizungusha mkono, na kuikwaruza kwelikweli. (Diski hupanguswa kwa mistari iliyonyooka, kutoka katikati kwenda ukingoni.)

Deki nyingi tunaweza kuziweka zisome maeneo yote; zisizokubali tunamwambia mteja kabla hatujapokea hata shilingi. Kwa Blu-ray, aina ya diski iliyofuata DVD, Uingereza na Kenya zote zimo katika eneo B, hivyo diski ya huko haitakusumbua. Unapoleta deki, tafadhali usisahau rimoti yake, kwa sababu mara nyingi mpangilio huo hubadilishwa kwa rimoti pekee.